KUTOKWA NA MKOJO SI ADHABU YA UZEE

Liko jambo ambalo bibi zetu hapa Kitomanga hulinong'ona tu. Mama akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo, mkojo humtoka. Mwingine akibanwa hawahi kufika chooni. Basi huacha kwenda matangani na huogopa kupanda basi la Lindi kwa sababu ya harufu. Akiuliza, huambiwa, "Ndio uzee huo."

Mimi sikubali jibu hilo. Chini ya kibofu kuna misuli inayokishikilia. Uzazi huilegeza, na hedhi ikikoma hudhoofika zaidi. Kikohozi cha siku nyingi, choo kigumu na mizigo ya kuni huongeza taabu. Mama aliyezaa mara saba na kubeba mihogo miaka arobaini hakurogwa, wala si mchafu.

Misuli hiyo hupata nguvu kwa mazoezi. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mwaka 1948. Mama akaze kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu polepole hadi tano, kisha alegeze kwa muda uo huo. Akishindwa tano, aanze na mbili. Afanye mara nane au kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Asifanye wakati anakojoa. Hakuna atakayemjua, hata kama yumo barazani anabangua korosho na wenzake.

Wengi huacha kunywa maji ili wasilowe. Hiyo si dawa. Mkojo mzito hukisumbua kibofu, na choo huwa kigumu.

Lakini mkojo ukivuja usiku na mchana bila kukoma, hasa kwa aliyepata uchungu wa kuzaa wa siku nyingi, huenda ni fistula. Mazoezi hayaizibi, inataka upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa simu. Mkojo wenye damu nao usingojwe. Yaweza kuwa kichocho au uvimbe. Mwenye kiu isiyoisha apimwe kisukari.

Wako pia wanaoacha sala. Mimi si mwalimu wa dini, ila masheikh hufundisha kwamba mtu wa namna hii hujisafisha, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, akasali. Yafaa walitaje msikitini, maana bibi atawasikiliza wao kuliko kijana wa zahanati.

Na kwa kweli bibi wa miaka sabini hatanieleza mimi, kijana wa rika la mjukuu wake, habari za nguo zake. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba muuguzi mwanamke amwulize kila mama mtu mzima anayefika, hata aliyekuja kwa homa tu: "Mama, mkojo unakusumbua?" Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kando ya redio wakazungumza habari za vyoo bila haya. Akina mama wa kijiji waweza kukaa na mkunga wao mchana mmoja, wanaume tukiwa mashambani.