Askofu Alirudisha Doo za Rais. Sasa Ni Soo Yako Inajenga, na Hesabu Ziko Wapi?

Unakumbuka ile sinema ya Novemba 2024? Jumapili ya tarehe 17, Rais William Ruto aliingia kanisa Katoliki la Soweto, huko Embakasi (si Soweto yetu ya Kibera, usichanganye). Akaacha 600,000 za kwaya na watoto wa kanisa, milioni mbili za nyumba ya padri, kisha akaahidi milioni tatu zingine na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akasema zii. Hizo milioni 2.6 zirudi kwa mwenyewe, na hiyo milioni tatu pamoja na basi zisiletwe kabisa.

Mitandao ililipuka, na ilikuwa na sababu. Siku tatu tu kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa taarifa moto wakilia na utamaduni wa uongo serikalini, ushuru, watu kutekwa nyara na madeni ya hospitali za kanisa. Halafu Julai mwaka huo huo, Ruto mwenyewe alikuwa amepiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Kwa hivyo ile bahasha ilikuja ikinuka. Anyolo alifanya poa, sina neno.

Lakini kuna swali tuliliruka tukiwa busy na meme. Hiyo nyumba ya padri inajengwa na nani sasa?

Jibu unalijua. Ni mathe wa Laini Saba anayefua nguo Kilimani. Ni msee wa mjengo anayedandia mathree ya 46 kutoka Kawangware saa kumi na moja asubuhi. Ni wewe, na ile finje umekunja ndogo ndogo ndio jirani asione. Piga hesabu na mimi. Tuseme parokia ina watu 1,000 na kila mmoja anatoa soo moja kila Jumapili. Hiyo ni laki moja. Kufikisha milioni 5.6, bila kununua hata mshumaa, mnahitaji Jumapili 56. Mwaka mzima na wiki nne juu. Mkitoa finje finje, hiyo ni miaka miwili na zaidi. Ndio maana mwanasiasa akitokea na gunia, wazee wa kanisa wanatetemeka magoti.

Na sadaka ya kikapu ni mwanzo tu. Kuna zaka. Kuna kapu la pili. Kuna mchango wa Kwaresima. Kuna jumuiya ndogo ndogo, zile mnakutania kwa keja ya mtu katikati ya wiki, mnasali, mnasoma Neno, halafu daftari linatolewa. Hiyo mfumo maaskofu wa Afrika Mashariki waliusukuma kuanzia miaka ya 1970 ndio kanisa lisiwe jengo tu bali majirani wanaojuana. Na inafanya kazi, tusidanganyane. Ukifiwa Gatwekera ama Gatina, wa kwanza kufika na sukari na pesa ya kusafirisha mwili ni jumuiya, mheshimiwa anakuja baadaye na kamera.

Shida ni pale daftari linageuka kuwa geti. Jumuiya imepangiwa kiasi na parokia, haijafikisha, na sasa mtoi wako hawezi kubatizwa hadi kadi isainiwe, na kadi haisainiwi hadi ulipe deni. Wengi wenu mmeniambia hii stori, na huwa mnaisema kwa sauti ya chini kama ni dhambi.

Basi wacha nikupe kitu cha kubeba. Kanisa Katoliki lina sheria zake zilizoandikwa, zinaitwa Sheria za Kanuni, toleo la 1983. Kanuni ya 222 inasema waumini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya kanisa. Hiyo utaisikia kwa mahubiri kila mara. Lakini soma na zingine. Ya 848 inasema padri ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Ya 537 inasema kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha. Ya 1267 inasema pesa iliyotolewa kwa kazi fulani itumike kwa hiyo kazi pekee, si ati mlichanga ya choo ikanunua spika. Na ya 1287, hii ndio tamu, inasema wasimamizi wawape waumini hesabu ya vile walivyotoa.

Hiyo si Gen Z kuleta kiburi kanisani. Ni Roma imeandika.

Zipo parokia zinafanya hivyo vizuri, zinasoma makusanyo ya wiki baada ya misa na kubandika karatasi mlangoni. Lakini makusanyo ni nusu ya stori. Kutangaza kwamba jumuiya fulani imetoa elfu nane na nyingine elfu tatu, hiyo ni kuchoma watu tu. Matumizi ndio tunataka kuona: mwanakandarasi alilipwa ngapi, stima ngapi, maskini wa parokia walipata ngapi. Na kama unatuma kwa M-Pesa, angalia ile namba imesajiliwa kwa jina la parokia ama ni simu ya mtu.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Machi 2025 tuliona Roysambu: Ruto akatoa milioni 20 kwa Jesus Winner Ministry, na Jumapili iliyofuata vijana walikuwa nje wakikula teargas. Hao waheshimiwa wataendelea kuja, Kibera hasa, kura ziko hapo. Kamati ya fedha ambayo haijawahi kukuonyesha kitabu cha finje yako haitakuonyesha kilichoandikwa kwa bahasha ya mheshimiwa. Kwa hivyo Jumapili hii, misa ikiisha, usikimbilie chapo. Tafuta mwenyekiti wa hiyo kamati na umuulize kwa heshima hesabu za mwaka jana zilisomwa lini.