Mo Dewji Hakuanza Kama Wewe, Wacheni Kutudanganya

Wiki hii nimetumiwa ile klipu ya Mo Dewji mara nne. Unaijua. Piano ya huzuni huko nyuma, sauti nzito inatuambia kijana alizaliwa Singida, leo ni bilionea, sasa wewe unangoja nini hapo kitandani?

Mimi nangoja baba mwenye kampuni, boss.

Tuongee ukweli. Ndiyo, alizaliwa Singida, 1975. Lakini familia ilikuwa na duka, na babake, Gulamabbas Dewji, aliikuza biashara hiyo ikawa MeTL, kampuni ya kuagiza na kuuza bidhaa. Kijana akapelekwa Florida, kwa akademia ya gofu, kisha Chuo Kikuu cha Georgetown, akamaliza 1998. Gofu, wasee! Mtaani kwetu ukiona mtu ameshika fimbo ya gofu, jua ni ya mdosi na amelipwa kumbebea.

Na simchukii. Aliporudi angeweza kukaa kwa ofisi ya baba akihesabu makontena. Badala yake aliona serikali ya Tanzania inabinafsisha viwanda vyake, akaingia: mafuta ya kupikia, sabuni, nguo, mashamba ya mkonge. Kampuni iliyokuwa inauza vitu vya wengine ikaanza kutengeneza vyake. Hiyo ni akili, na ni kazi. Wengi hurithi duka wakaliua. Hapa kwetu si tuliona Tuskys? Mzee Joram Kamau aliianzisha Rongai, Nakuru, akafariki 2002, wanawe wakaburutana kortini, leo ukienda hakuna hata mkate.

Lakini kiwanda hakinunuliwi kwa nidhamu na kuamka saa kumi alfajiri. Kinanunuliwa kwa mtaji, na jina ambalo benki inalijua tayari. Hiyo sehemu ndiyo mnakata kwa klipu zenu. Babake anachukua sekunde ngapi? Sifuri.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. (Halafu kuna wale huniandikia kwa komenti eti mabilionea wote waliacha shule. Huyu alimaliza!) Nikachukua elfu kumi na tano, nikaingia Gikomba kuchagua viatu vya mtumba. Wiki ya tatu mvua ikanyesha usiku, maji yakajaa kibandani, asubuhi soli zote zimebanduka. Biashara ikaisha hapo. Mtoto wa kampuni akikosea, kampuni inamshika. Mimi nilishikwa na mkopo wa simu, na haukuwa unanishika ili nisianguke.

Sasa kuna beshte yangu. Alikopa elfu tatu akalipia semina moja hapa mjini, picha ya Mo kwa skrini kubwa, msemaji na suti yake. Akaambiwa umaskini wake uko kwa fikra zake. Na akaamini! Hajiulizi tena kwa nini hakuna kazi, ama kwa nini hakuna benki ya kumpa hata mtaji wa kuuza mayai. Anajiuliza ana kasoro gani.

Nilimtembelea Jumapili. Amebandika ratiba ukutani, ameandika kwa kalamu nyekundu: kuamka saa kumi alfajiri. Na anaamka, kila siku. Anaoga, anavaa, anakaa kwa kiti. Hana pa kwenda.