Leseni ya nembo isigawe soko

Mwaka 2002 Moshi ilipoteza kiwanda cha bia. Kibo Breweries, mali ya East African Breweries (EABL) ya Kenya, hakikufungwa kwa sababu watu wa Old Moshi wameacha bia ya chupa na kurudia mbege. Kilifungwa kwa sababu wakubwa wawili waliokuwa wakigombea wanywaji walikaa wakapatana. SABMiller, mwenye hisa nyingi katika Tanzania Breweries (TBL), ikafunga kiwanda chake cha Thika, Kenya, na EABL ikafunga cha Moshi. EABL ikachukua asilimia 20 ya TBL, na SABMiller asilimia 20 ya Kenya Breweries, kampuni tanzu ya EABL.

Leseni za nembo ndizo zilizokamilisha mapatano hayo. TBL iliruhusiwa kupika Tusker huku, Kenya Breweries ikaruhusiwa kupika Castle kule. Mwenye baa aliyeagiza Tusker na Kilimanjaro, bia mbili zilizokuwa zikishindana, sasa alipokea makreti yote kutoka kampuni moja. Angelalamikia bei kwa nani?

Haki ya mwenye nembo si ndogo. Aliyesajili jina lake kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, anastahili kulindwa dhidi ya mwigaji, na anaweza kumchagua atakayelitumia. Lakini washindani wawili wanapobadilishana leseni, kisha kila mmoja akafunga kiwanda chake katika nchi ya mwenzake, nembo inakuwa imetumika kugawana wateja. Ulaya ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1966 mahakama yake ilikataa mpango wa Grundig na msambazaji wake wa Ufaransa, Consten, waliotumia nembo ya GINT kuzuia redio na bidhaa nyingine halali za Grundig zisiingie Ufaransa kupitia kwa wauzaji wengine. Nembo ilibaki kuwa mali ya mwenyewe. Kilichokatazwa ni kuitumia kufunga soko.

Tanzania nayo ina meno. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mapatano yanayodhoofisha ushindani na matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na faini yake inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. EABL iliponunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries mwaka 2010, haikuweza kuendelea kushika hisa katika kampuni mbili zinazoshindana. Mwaka uliofuata iliuza asilimia 20 yake ya TBL. Tusker ikahamia Serengeti, kampuni yenye kiwanda hapa hapa Moshi, na mwenye baa akapata tena wauzaji wawili wa kuwapambanisha.

Hata hivyo, ilichukua miaka tisa na ununuzi wa kampuni nzima kufika hapo. Huo ni muda mrefu mno kwa mnywaji na kwa kijana aliyepoteza kazi Kibo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inataja waziwazi matumizi mabaya ya haki miliki kuwa kosa kwa kampuni inayotawala soko. Bunge la Dodoma liandike kifungu cha wazi namna hiyo. Nayo Tume ya Ushindani idai nakala ya kila leseni ya nembo inayotolewa kwa mshindani, iisome kabla haijaanza kazi, na iulize swali moja la msingi: baada ya leseni hii, nani atabaki kushindana na nani?