Fedha za Katalogi ya Mtandaoni Zianze na Maneno ya Msomaji

Bajeti ya kuhamisha katalogi ya maktaba ya umma kutoka kwenye kadi kwenda mtandaoni huandikwa, mara nyingi, kama orodha ya vifaa: kompyuta kadhaa, seva, ada ya intaneti, na mafunzo ya siku chache. Vyote hivyo vinahitajika. Hata hivyo, bajeti ya namna hiyo huiacha nje gharama iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni ya kumlipa mtu atakayekishika kila kitabu mkononi, atambue kinahusu nini, kisha akiandike kwa maneno ambayo msomaji atayatumia kukitafuta. Gharama hiyo ikisahauliwa, maktaba hupata mfumo mpya wenye upofu wa zamani, na miongoni mwa watakaoumia mwanzo ni yule anayetafuta habari za maradhi yake.

Watumishi wa afya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika masijala ya hospitali, jalada lililowekwa mahali pasipo pake ni sawa na jalada lisilokuwapo. Mgonjwa aliyeandikishwa mara moja kwa jina la Mohamed Abdallah, na mara nyingine kwa jina la Muhammad Abdalla, huwa na majalada mawili; na daktari anayelifungua moja hajui kwamba mzio wa penisilini umeandikwa katika lile jingine. Kuhamia mfumo wa kompyuta, kama GoT-HoMIS unaotumika katika vituo vya umma nchini Tanzania, hakuliondoi kosa hilo kwenyewe, kwa kuwa kompyuta hutafuta kile tu ilichoandikiwa. Katalogi ya maktaba ni masijala ya vitabu, nayo hufuata kanuni ileile.

Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilipofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, katalogi ya kadi ndiyo iliyokuwa kawaida ya maktaba duniani kote: kadi ya mwandishi, kadi ya kichwa cha kitabu, na kadi ya mada, kila moja katika droo yake. Msomaji alilazimika kufika kwenye droo hizo ili ajue maktaba ina nini. Katalogi ya mtandaoni huondoa safari hiyo. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na mji anaweza kujua kabla ya kupanda basi kwamba kitabu anachokihitaji kipo katika maktaba ya mkoa na hakijaazimwa. Naye mgonjwa anaweza kuulizia kwa simu ya mwanawe. Faida hiyo ni kubwa, na inastahili kugharimiwa.

Programu yenyewe si mzigo mkubwa tena. Mwaka 1999, maktaba za wilaya ya Horowhenua nchini New Zealand zilikuwa na mfumo usioweza kuvuka salama kuingia mwaka 2000. Badala ya kununua mwingine wa bei kubwa, wasimamizi wake waliiagiza kampuni ya Katipo Communications itengeneze programu mpya. Ilianza kutumika mapema Januari 2000, kisha ikaachwa huru kwa yeyote anayeitaka bila ada ya leseni. Iliitwa Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na leo hutumiwa na maktaba nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki. Lakini zawadi hiyo huja kama kabati tupu. Kujaza droo zake ni kazi ya watu.

Hesabu ndogo yatosha kuonesha ukubwa wa kazi hiyo. Chukulia maktaba yenye vitabu 50,000 ambavyo habari zake zimo kwenye kadi. Ikiwa kila kitabu kitahitaji dakika 10 tu za kukikagua, kukiingiza na kukibandika namba, kazi nzima itachukua dakika 500,000, yaani saa zipatazo 8,333. Mkutubi mmoja anayefanya kazi hiyo pekee kwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ataimaliza baada ya miaka 4 na ushei. Wakutubi wawili watahitaji miaka 2. Mradi wa miezi 6 unaonunua kompyuta na kuwaachia wakutubi kazi hii juu ya majukumu yao ya kila siku umejipangia kushindwa tangu siku ya kwanza.

Ni kweli kwamba rekodi nyingi hazihitaji kuandikwa upya. Maktaba huweza kunakili rekodi zilizokwisha kutengenezwa na maktaba nyingine, hususan Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo tangu mwaka 1966 ina ofisi yake Nairobi inayokusanya na kuorodhesha machapisho ya Afrika Mashariki, yakiwamo ya Kiswahili. Hapa ndipo ugumu wenyewe unapojificha. Rekodi iliyotengenezwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani hupewa mada kwa Kiingereza. Kitabu kinachomweleza mgonjwa kwa Kiswahili fasaha namna ya kuishi na kisukari kinaweza kubeba mada ya “Diabetes”. Neno kisukari likiwamo kwenye kichwa cha kitabu, kitaonekana. Lisipokuwamo, yaani ikiwa mwandishi amechagua kichwa kinachozungumzia lishe au maisha marefu, mgonjwa ataandika kisukari na kuambiwa hakuna. Kitabu kipo rafuni, kwa lugha yake, juu ya ugonjwa wake, naye ataondoka mikono mitupu.

Ugumu hauishi hapo, kwani Kiswahili chenyewe kina majina mengi kwa ugonjwa mmoja. Daktari huandika shinikizo la damu, mgonjwa husema presha. Wataalamu husema selimundu, wazazi husema siko seli. Mama ambaye mtoto wake amepatwa na mishtuko atatafuta degedege, hali vitabu vinavyoweza kumsaidia vimewekwa chini ya malaria, homa za watoto au kifafa. Katalogi nzuri humchukua kila mmoja wao kutoka kwenye neno lake na kumfikisha kwenye kitabu. Katalogi mbaya humrudisha mlangoni, na huko nje wapo wengi walio tayari kumpa majibu yasiyopimwa na mtu yeyote.

Sayansi ya tiba ilikwisha kulitatua jambo hili kwa ajili ya madaktari. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 1960 orodha ya istilahi iitwayo MeSH, ambayo hadi leo inasaidia utafutaji katika PubMed. Humo, majina mbalimbali ya ugonjwa mmoja hufungwa kwenye istilahi moja, hivyo anayeanza na jina lolote kati ya hayo hufika palepale. Kituo cha BIREME, kilichopo São Paulo nchini Brazili, kiliijenga juu yake orodha ya DeCS yenye istilahi za Kihispania na Kireno. Wasomaji wa Kiswahili wanastahili kujengewa daraja kama hilo, na malighafi yake haikosekani. Ipo Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wapo wauguzi wanaoyasikia maneno ya wagonjwa kila siku. Na wapo wataalamu katika vyuo vikuu vya tiba wanaoweza kuyapima maneno hayo. Kinachohitajika ni fungu la fedha litakalowakutanisha na wakutubi kwa miezi kadhaa, wakianza na maradhi yanayowaleta watu wengi zaidi kliniki.

Huenda msomaji akauliza kama ni haki kutumia fedha kwa katalogi ilhali dawa hazitoshi. Swali hilo lina uzito, na hakuna anayependekeza kuondoa fedha kwenye kabati la dawa. Ila dawa ya shinikizo la damu hunywewa nyumbani, kwa miaka mingi, na mtu ambaye daktari alizungumza naye kwa dakika chache. Asipoelewa kwa nini aendelee kuimeza siku anapojisikia mzima, ataiacha, na fedha iliyoinunua itakuwa imepotea. Mahali ambapo mtu huyo anaweza kusoma bila kulipa na bila kuharakishwa ni sehemu ya matibabu yake.

Masharti mawili zaidi hayana budi kuambatana na fedha hizo. Kwanza, gharama za kila mwaka, yaani umeme, intaneti, nakala za akiba na mshahara wa mtaalamu wa mfumo, ziingizwe katika bajeti ya kudumu ya taasisi kabla ya mfadhili kuondoka. Pili, siri ya msomaji ilindwe kama siri ya mgonjwa. Mfumo wa kompyuta unaweza kuhifadhi miaka mingi kumbukumbu za nani aliazima kitabu gani, na kitabu kuhusu VVU, ugumba au ugonjwa wa akili kinaweza kufichua mengi. Koha ina uwezo wa kuondoa jina la mwazimaji kwenye kumbukumbu za vitabu vilivyokwisha kurejeshwa. Uwezo huo utumike. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelifanya jambo hili kuwa la wajibu zaidi ya hisani.

Wanaotoa fedha hupenda kupewa kipimo cha mafanikio, na mara nyingi huridhika kuhesabu kompyuta zilizofungwa au rekodi zilizoingizwa. Kipo kipimo bora na chepesi zaidi. Kabla ya malipo ya mwisho kutolewa, yakusanywe kutoka kliniki maneno 100 ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kutaja maradhi yao, kisha yaandikwe moja baada ya jingine kwenye katalogi mpya. Kwa kila neno ambalo maktaba ina kitabu chake, kitabu hicho kionekane. Kisipoonekana, kazi bado haijakamilika, hata kama seva inawaka.