Kiswahili cha sokoni si Kiswahili cha chini

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wanunuzi wa dagaa hutoka mbali: Burundi, Rwanda na mashariki ya Congo. Akifika mnunuzi wa Goma akasema "batu" badala ya "watu" na "bitu" badala ya "vitu", vijana wa kubeba magunia huangua kicheko. Hawana ubaya. Lakini mtu aliyechekwa hupunguza maneno, na anayepunguza maneno katikati ya kupatana bei hupunguza pia nafasi ya kupunguziwa. Kicheko kile kina gharama, na anayeilipa ni mgeni.

Namanga nako hali ni hiyo hiyo. Mkenya akisema "nipe kilo tano", Mtanzania husikia amri. Mtanzania akisema "naomba kilo tano", Mkenya hudhani huyu anataka bure. Kila mmoja hurudi kwake akiwasimulia wenzake kuwa jirani hajui Kiswahili.

Masikhara ya sokoni yangeishia sokoni kama yasingekuwa na ndugu yake mkubwa ofisini. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki imeugawa utamaduni wake katika ghorofa mbili. Juu wamewekwa wenye lugha sanifu, mashairi ya vina na mizani, na ngoma za kuchezwa mbele ya wageni rasmi. Chini wamewekwa wachuuzi, makuli, madereva wa malori, wapiga debe na nyimbo zao. Wa juu huitwa wenye utamaduni. Wa chini huambiwa wanauharibu.

Hoja ya watetezi wa ghorofa ya juu si ya kupuuzwa. Wanasema lugha ikiachwa kila soko liwe na yake, mkataba ulioandikwa Mombasa hautasomeka Bujumbura, na kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam hakitafaa Kigali. Wanasema pia kuwa mtoto wa mfanyabiashara ndiye atakayeumia kwanza, kwa sababu mtihani hautungwi kwa lugha ya stendi. Yote hayo ni kweli. Kosa lao linaanzia pale wanapodhani kuwa lugha hiyo sanifu ilizaliwa juu.

Historia inasema vingine. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita cha Mombasa kilikuwa na heshima yake, kwani ndicho alichotungia Muyaka bin Haji katika karne ya 19. Kama kipimo kingekuwa utukufu wa ushairi peke yake, Kimvita kingekuwa na kesi nzito. Kilichochaguliwa ni Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha.

Sababu kubwa ya Kiunguja kushinda ni kwamba kilikuwa kimeenea bara kuliko lahaja nyingine. Nani alikieneza? Ni misafara ya biashara iliyotoka pwani ikapita Tabora na Ujiji hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ni wapagazi waliobeba mizigo vichwani, wauza vitambaa na chumvi, watu ambao wengi wao hawakuacha hata barua moja. Kwa maneno mengine, Kiswahili sanifu ni mtoto wa njia za wachuuzi. Mwalimu anayekitumia leo kumkaripia muuza mitumba anamkaripia mjukuu wa waliomletea lugha hiyo.

Muziki una kisa kama hicho. Taarab ya Zanzibar ililelewa katika jumba la Sultani, ikafuata mtindo wa Misri na kuimbwa kwa Kiarabu. Ilikuwa starehe ya wakubwa. Kisha akatokea Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, wa ukoo uliotoka utumwani, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji aliuza vyungu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, na katika nyimbo zake yaliingia mambo ya mtaani yaliyowagusa watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa, alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasambaa pwani yote. Baadaye Shaaban Robert, ambaye hakuna anayethubutu kumweka ghorofa ya chini, aliandika kitabu cha wasifu wake. Leo taarab hupigwa katika hafla za serikali, na Siti hutajwa kwa fahari. Muuza vyungu amepandishwa ghorofa, lakini muuza vyungu wa leo bado anaambiwa lugha yake ni chafu.

Rumba ya Congo ilikulia kwenye baa na kumbi za starehe za Kinshasa na Brazzaville, mahali ambapo wazazi wengi hawakutaka kusikia mabinti zao wamekwenda. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kabla ya muhuri huo, rumba ilikuwa imeshavuka mipaka bila kuuliza mtu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliipiga Dar es Salaam, akaimba kwa Kiswahili kuhusu umaskini, kifo na ubaguzi. Alipotunga wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi unamaliza watu, redio ya taifa haikuupiga, ikiuona hauna adabu. Watu waliusikia kwingine. Katika suala hilo la uhai na kifo, lugha iliyodaiwa kuwa ya chini ndiyo iliyosema wazi.

Hata neno "bodaboda" lina asili hiyo. Lilianzia Busia, ambako wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita kwa Kiingereza chao cha barabarani: "boda, boda!" Hakuna baraza lililokaa kulitunga. Sasa limo katika kamusi, katika hotuba za bungeni na katika sheria za barabarani. Afrika Mashariki nzima inalielewa bila mkalimani, na ni maneno machache yaliyotungwa mezani yanayoweza kujivunia hilo.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, habari hizi si za kupitisha jioni tu. Zinafika hadi dirisha la forodha.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa tarehe 30 Novemba 1999 unasema katika Ibara ya 137 kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wote. Mgawanyo ni ule ule wa ghorofa mbili: Kiingereza mezani, Kiswahili sokoni. Februari 2021 wakuu wa nchi waliamua Kiswahili na Kifaransa navyo viwe lugha rasmi. Rwanda ilikuwa imekipa Kiswahili hadhi hiyo tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likafuata. Uamuzi ni mzuri. Swali lililobaki ni hili: kitakapoandikwa kwenye fomu, kitakuwa Kiswahili cha nani?

Chukua Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya. Mtu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi papo hapo mpakani na kuvusha mzigo bila kutozwa ushuru wa forodha. Vyeti vya afya ya mimea na mifugo bado vinahitajika, na kodi nyingine zinaweza kuwepo, lakini hilo la ushuru ni nafuu kubwa kwa mama mwenye magunia manne ya vitunguu. Akiukosa utaratibu huo kwa sababu hakuelewa karatasi, hubaki na njia mbili: kumlipa mtu wa kumjazia, au kupita njia ya panya. Njia ya panya huanza na kuokoa shilingi chache, ikaisha kwa mzigo kukamatwa, au kwa mwanamke kudaiwa rushwa ya fedha ama ya mwili wake mahali pasipo na shahidi.

Sasa fikiria karatasi hiyo imetafsiriwa, lakini na mtu ambaye hajawahi kusimama sokoni. Itaandikwa "hati ya uasili wa bidhaa" na kuachwa hivyo. Mama wa vitunguu ataitazama kama alivyoitazama ile ya Kiingereza. Ingeongezwa chini yake "cheti cha kuonyesha mzigo umetoka nchi gani", angeijaza mwenyewe na kuondoka.

Majina ya bidhaa ni mtego mkubwa zaidi. Samaki mdogo wa Ziwa Victoria ni dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene upande wa Uganda. Ziwa moja, samaki mmoja, majina matatu. Ukisema njugu Nairobi utaletewa karanga. Ukisema njugu katika masoko mengi ya Tanzania utaulizwa kama unataka njugu mawe. Fedha nazo zina lugha yake: "buku" la Mtanzania ni shilingi elfu moja, ambayo Mkenya anaiita "thao" au "ngiri", na thamani yake si sawa hata kidogo. Ofisa anayejua jina moja tu atasema bidhaa haimo kwenye orodha, kumbe imo kwa jina la jirani. Elimu hii yote iko ghorofa ya chini, kwa wachuuzi, na haijakusanywa kwa sababu wenye kalamu wameizoea kuiona kama makosa.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Kila kituo cha pamoja cha mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Mutukula na Rusumo, kinaweza kubandika ukutani orodha ya bidhaa yenye jina sanifu na majina ya sokoni ya pande zote. Kabla fomu ya Kiswahili haijapitishwa, isomwe kwanza na wachuuzi 20 wa mpaka huo, na pale watakapokwama parekebishwe. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iliyoko Zanzibar ina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Ikiwatuma sokoni kwa mwezi mmoja na daftari, watarudi na kamusi.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Wahenga wa sokoni walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lugha ya kupatana bei inatosha kuuza, lakini haitoshi kudai mzigo uliopotea wala kuandika makubaliano ya mkopo. Kiswahili sanifu ni chombo chao pia, na kukikataa kwa hasira ya kuchekwa ni kujinyima. Vilevile kumcheka wa Goma kule Kirumba ni kumfukuza mteja kwa mdomo uliopaswa kumkaribisha.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Ndiyo pia tarehe ambayo Mkataba wa Jumuiya ulianza kutumika mwaka 2000. Hotuba zake husomwa kumbini, mbele ya waliovaa suti. Mwaka mmoja zingesomwa Rusumo, kwenye foleni ya malori, na baada ya hotuba wachuuzi waulizwe karatasi ipi inawashinda na neno lipi hawalielewi. Majibu yao yaandikwe, na mwaka unaofuata wasomewe kilichobadilika.