Hofu ya somo la utafiti: Msomaji, si wewe peke yako

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitabu kilichokaa kabatini mwangu miezi 14 bila kufunguliwa. Si kwamba kilipotea, la hasha. Nilijua kilipo kama ninavyojua ilipo chumvi. Nilikitia chini ya mashuka ya wageni, na kila wageni walipokuja niliyatoa mashuka hayo kwa hadhari, nikakiona kitabu, nikakifunika tena kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kilikuwa kitabu cha mbinu za utafiti.

Ikiwa umewahi kusomea nyumbani, chuo kiko kwingine, mhadhiri humwoni ila siku chache za likizo, bila shaka umeshaanza kutabasamu. Unalijua somo hilo. Masomo mengine huenda, moja kwa shida, jingine kwa raha, hadi ufike hapo. Ghafla unakutana na nadharia tete, hojaji, sampuli, vigeu tegemezi na vigeu huru, na hesabu ulizodhani ulizizika siku ulipomaliza kidato cha nne. Unasoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Mara ya nne unakumbuka kwamba kuna nguo za kufua.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari na kazi hii ya makala nimeifanya miaka kumi na ushei. Kuuliza watu maswali ndiko kunakonilisha. Hata hivyo kitabu kilichonifundisha namna ya kuuliza watu maswali kilinitoa jasho! Tena nilikuwa na deni. Nilipojiandikisha kusomea shahada katika chuo kimoja cha umma, mama mkwe aliuza ng'ombe. Hakuombwa. Alikuja mwenyewe, pesa zimefungwa katika pembe ya leso, akasema karo ya mwaka wa kwanza isitusumbue. Sasa fikiria mama huyo anakuja kila mwezi, anakunywa chai, anauliza, "Masomo yanaendeleaje, mwanangu?" Nami najibu, "Salama, mama." Salama gani? Miezi 14 ya salama ya uongo.

Twaishi Gatuanyaga. Kwa msomaji asiyekujua, ukitoka Thika mjini shika barabara ya Garissa, pita Makongeni na Landless, endelea mpaka mabustani yaishe na ukavu uanze, na mbele yako mlima Kilimambogo umekaa kama mzee anayeota jua. Ploti huko zilikuwa nafuu tulipohamia. Kuna machimbo ya mawe ya kujengea, kuna vumbi, na usiku kuna kimya ambacho mwanafunzi angekiombea. Lakini kimya hicho ndicho kilichonimaliza. Mtu akisoma peke yake na asielewe, hakuna wa kumtazama usoni ajue kwamba naye haelewi. Unadhani ni wewe tu. Unadhani wenzako wote, popote walipo, wamefika sura ya tano na wanacheka.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Nilikwenda kwake kuazima ngazi, akaniuliza habari za chuo, na sijui ni nini kilichonishika siku hiyo, nikamwambia kweli. Hakunikemea. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilisoma kwa posta na redio. Somo la hisabati lilinikalisha miezi minne kwenye ukurasa mmoja. Siku tulipoitwa Kikuyu kukutana, nilimwuliza jirani yangu kitandani amefika wapi. Yuko ukurasa uo huo. Tukauliza bweni zima. Bweni zima, binti yangu, lilikuwa limekwama pale pale."

Alichokisema mzee huyo ni historia yetu. Kitengo cha masomo kwa posta kilianzishwa mwaka 1967 huko Kikuyu, chini ya chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa chuo kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wake wengi walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Walipelekewa vitabu kwa posta, wakasikiliza vipindi redioni, na mara moja moja wakaitwa wakutane ana kwa ana. Mwaka 1986 chuo kikuu hicho kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa njia hiyo hiyo. Watanzania walipata Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi chetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichoko Konza, kilipewa hati mwezi Agosti mwaka 2023. Kwa hivyo njia hii ina zaidi ya nusu karne, na wamekwama humo watu wengi kabla yako wewe na mimi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Msomi anayetajwa sana duniani katika elimu ya masafa, Michael Moore, alifanya kazi ya elimu ya watu wazima hapa hapa Kenya katika miaka ya 1960 kabla ya kwenda Wisconsin, Marekani. Hoja yake ni nyepesi, na ningeisikia mapema ningeokoa mwaka mzima. Anasema umbali unaomsumbua mwanafunzi haupimwi kwa maili. Ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na pengo hilo hukua mazungumzo yanapopungua. Mwanafunzi anaweza kukaa hatua mbili kutoka kwa mhadhiri na akawa mbali, na mwingine akawa Lodwar na akawa karibu.

Basi nikatafuta mazungumzo. Nilikuwa nimemwandikia mhadhiri mara mbili bila kujibiwa, nikasusa, na kususa huko nikakugeuza udhuru. Safari hii niliomba ofisi ya masomo majina ya wanafunzi wa darasa letu walio karibu na Thika na waliokubali kupigiwa simu. Tukapatikana wanne: muuguzi wa Ruiru, mwalimu wa Ngoliba, karani wa duka la dawa mjini Thika, na mimi. Simu ya kwanza tulisalimiana kwa adabu nyingi, kila mtu akijifanya anaendelea vizuri. Kisha muuguzi akasema, "Jamani, mimi kitabu cha utafiti sijakifungua tangu Februari." Kimya kidogo. Halafu vicheko! Karani wa duka alikuwa amekifungia buweta. Mwalimu alikuwa amempa mtoto akifunike kwa gazeti, kisha asikiulize kilipo.

Tulipanga Jumatano saa tatu usiku, watoto wakishalala. Kila mmoja hueleza ukurasa mmoja tu kwa maneno ya nyumbani, kitabu kikiwa kimefungwa. Kitabu kufungwa si mchezo. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kutazama walielewa zaidi kuliko waliochora michoro ya maelezo kitabu kikiwa wazi mbele yao. Mwaka huo huo watafiti wengine wawili, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walitangaza kwamba mwanafunzi mwenye wasiwasi akiandika hofu zake dakika 10 kabla ya mtihani hufanya vyema zaidi. Habari tamu, nami ningekupa ushauri huo kwa moyo mmoja, ila mwaka 2018 kundi la watafiti lilirudia majaribio 21 yaliyotoka katika majarida makubwa. La kukumbuka lilisimama, la kuandika hofu halikusimama. Nakueleza hili makusudi. Hao ni mabingwa, wamechapishwa mahali ambapo kila mtu anatamani kuchapishwa, na bado kazi yao ikarudiwa na kupimwa upya. Sembuse mimi wa Gatuanyaga, niogope kukosea katika pendekezo la kurasa kumi?

Sehemu iliyotutoa jasho zaidi ilikuwa sampuli. Kwa nini uulize watu wachache halafu useme juu ya wote? Aliyelikata fundo hilo ni muuguzi. "Ukipika uji," akasema, "unakunywa sufuria nzima ndipo ujue sukari imekolea?" Unaonja kijiko. Ukipika pipa zima la uji wa harusi, kijiko hakiwi beseni. Jambo kubwa ni kukoroga vizuri kabla ya kuonja, kwani ukionja juu juu na sukari yote iko chini, utajidanganya. Kukoroga ndiko kuchagua watu kwa bahati nasibu, kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Baada ya hapo lile jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo wanafunzi hulikariri kama dua, likaanza kusema. Watu 100, uliza 80. Watu 1,000, uliza 278. Watu 10,000, uliza 370 tu. Sufuria inakua mara kumi, kijiko kinaongezeka kidogo sana. (Usilifanye jedwali hilo kuwa msahafu, lakini. Linamfaa anayetafuta asilimia. Ukitaka kukaa na watu wachache uwaulize maisha yao kwa kina, halina kazi.)

Lugha nayo ilitulegeza tulipoitafutia mfano wa kwetu. Kitabu cha Olive Mugenda na Abel Mugenda cha mwaka 1999 kilitusaidia kwa kuwa waandishi wake ni wa hapa. Lakini hakuna kitabu kilichonisaidia kama asubuhi moja machimboni.

Nilikuwa nimechagua kuchunguza kwa nini wachonga mawe hawavai barakoa. Vumbi la mawe likivutwa miaka mingi huharibu mapafu, na nina jirani ambaye kikohozi chake nakisikia kupitia ukutani. Nikaandika maswali yangu kwa fahari. La kwanza: "Je, unajua kwamba vumbi la mawe lina madhara kwa afya?" Nikaomba ruhusa kwa mwenye machimbo nikayajaribu kwa watu wachache. Mzee wa kwanza aliweka patasi chini akanitazama.

"Mama," akasema, "hilo hata mbuzi wangu analijua. Uliza lingine."

Wote walijibu ndiyo. Swali lilikuwa limebeba jibu lake mgongoni. Basi nikaikunja karatasi, nikauliza vile ambavyo ningeuliza nikiwa kazini kwangu: siku ya mwisho kuvaa kitu puani ilikuwa lini, na kwa nini ulikivua? Hapo wakasema. Joto. Jasho linalowanisha kitambaa mpaka pumzi inakataa. Na kubwa kuliko yote, wanalipwa kwa idadi ya mawe, na anayesimama kila mara kupumua huchonga machache. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba wanahitaji kuelimishwa. Kumbe wa kuelimishwa nilikuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikafungua kitabu mwenyewe bila kusukumwa. Kurasa zile za maswali elekezi na za kuijaribu hojaji kabla ya kazi yenyewe, ambazo nilizisoma mara nne zikapita kama upepo, sasa zilikuwa zinasimulia asubuhi yangu. Ukikwama, msomaji, jaribu njia hiyo: chukua swali moja unalotaka kweli kulijua, kaulize watu watatu, kisha urudi kwenye ukurasa. Hilo ni zoezi tu, usilichapishe. Ukifika kwenye utafiti wenyewe utahitaji barua ya chuo na kibali cha NACOSTI kwa sheria ya mwaka 2013, na usisahau kupita kwa chifu kumsalimu.

Nami nikabaki na deni la mama mkwe. Alipokuja mwisho wa mwezi sikungoja aulize. Nikatoa kitabu, nikakiweka mezani kando ya kikombe chake, nikamweleza yote: mashuka, miezi 14, na salama zote zile. Alinyamaza akinywa chai. Nilitazama sakafu.

"Kumbe ni kitabu tu," akasema hatimaye. "Mimi niliona umekonda nikadhani karo imekwisha na unaona haya kusema. Nilikuwa nimeanza kumtazama yule ng'ombe mwingine."

Nikamwomba amwache ng'ombe wake.

Pendekezo langu lilirudi juma lililopita, sura ya tatu imejaa maandishi mekundu. La muuguzi limejaa zaidi. Jumatano saa tatu tutayasoma yote mawili. Nawe ikiwa una chako chini ya mashuka, tuandikie. Jumapili ijayo, panapo majaliwa, nitachapa barua mbili tatu.