Anga isiyo na mwenyewe itapewa majina na nani?

Jumamosi iliyopita, baada ya chakula cha usiku, mwanangu mwenye umri wa miaka 14 aliniita chumbani mwake katika nyumba yetu mtaani Mountain View. "Baba, njoo uone," alisema, "nimefika mahali ambapo hajafika mtu yeyote." Nilikuwa na rundo la karatasi za mitihani zilizokuwa zikisubiri kusahihishwa, lakini mzazi aitwaye kwa maneno kama hayo hana udhuru. Nikaenda.

Kwenye kioo cha kompyuta niliona nchi yenye nyasi nyekundu, mawe yaliyosimama kama minara, na mnyama mwenye miguu sita akinywa maji. Juu yake zilining'inia sayari mbili kubwa. Mwanangu alikuwa ameazimwa mchezo huo na binamu yake. Unaitwa No Man's Sky, na ulitolewa mnamo Agosti 2016 na kampuni ndogo ya Hello Games ya mji wa Guildford, Uingereza. Kwa vijana si jambo geni tena, lakini kwangu mimi, ambaye mara ya mwisho kucheza mchezo wowote ulikuwa ni bao, ulikuwa mpya kabisa. Haya basi ni maoni ya mgeni.

Hapana budi niwape waundaji wake haki yao. Mchezaji hupewa chombo cha kurukia angani na kuachwa azuru sayari apendavyo. Idadi ya sayari hizo ni 18,446,744,073,709,551,616, yaani mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 64. Mtu akiamua kuzitembelea zote kwa sekunde moja moja, safari yake itachukua zaidi ya miaka bilioni 580, ilhali wataalamu hutuambia kwamba ulimwengu wenyewe una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Hakuna aliyeketi akazichora moja moja. Fomula za hisabati ndizo huzizalisha, pamoja na milima, mimea na wanyama wake, pale mchezaji anapozikaribia. Mchezo ulipotoka ulilaumiwa sana kwa kutotimiza ahadi zilizotangulia, lakini waundaji hawakuutoroka. Waliendelea kuurekebisha kwa miaka mingi bila kuwatoza wanunuzi ada nyingine. Huo ni uungwana ambao wafanyabiashara wengi wangefaa kuuiga.

Lakini kilichonifanya nivute kiti na kuketi si hesabu hiyo. Sheria ya mchezo huu ni kwamba anayefika kwanza kwenye sayari ana haki ya kuipa jina, na jina hilo hupelekwa kwa njia ya intaneti ili wachezaji wengine wakipita waone kwamba fulani alitangulia. Mwanangu alikuwa amekwisha kuzipa majina sayari 11. Nilizisoma zote. Zote zilikuwa na majina ya Kiingereza.

"Mbona hukuiita hii Nyasinyekundu?" nilimwuliza. Alicheka kwa adabu, kama mtoto anayemhurumia mzazi wake. "Baba," akasema, "hilo halisikiki kama jina la sayari."

Wasomaji wapenzi, sentensi hiyo ilininyima usingizi. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu nikiwafundisha kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na upungufu. Kwamba lugha yoyote inaweza kusema lolote ambalo wenyewe wameamua kulisema. Kumbe nyumbani kwangu amekua mtoto anayeamini kwamba lugha ya baba yake inafaa kwa maamkizi na mtihani wa insha, lakini haifai kuvuka mawingu. Sikumlaumu. Tangu azaliwe, mimi na mama yake tumemsemesha Kiingereza mezani, tukidhani tunamfungulia mlango. Hatukufikiri kwamba mlango mwingine ulikuwa ukifungwa nyuma yake.

Hebu tulitazame jina la mchezo wenyewe. Maana yake kwa Kiswahili ni "anga isiyo na mwenyewe". Sisi Wakenya tuna sababu ya kushtuka tusikiapo kitu kikiitwa hakina mwenyewe. Mwaka 1888 Samuel Teleki, mtu wa ukoo wa kikabaila kutoka Hungaria, alifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini ambalo wafugaji na wavuvi walikuwa wameishi kando yake tangu zamani za kale. Akaliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa kwao. Jina hilo lilikaa kwenye ramani za dunia hadi mwaka 1975, lilipobadilishwa likawa Turkana. Hapa mjini, barabara iliyokuwa Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya uhuru. Tulijua wakati ule kwamba jina si pambo. Jina ni hati. Anayekiita kitu kwa mara ya kwanza, naye akaandika, huwaachia wengine kazi ya kubishana naye kwa karne nzima.

Kuna atakayesema kwamba sayari za mchezo ni za uongo, na kwamba msomi mzima hafai kuzilalamikia. Nakubali kwamba ni za uongo. Basi na tuzitazame za kweli.

Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Lilikuwa jukwaa la Waitaliano, na setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya Wamarekani. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata kasi. Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Kwa heshima ya siku ile na nchi ile, iliitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Hadi leo wanajimu wa dunia nzima huandika majina ya baadhi ya nyota hizo kwa kuanza na alama "4U". Herufi hiyo U ni ya neno Uhuru. Nilipomweleza mwanangu, aliacha kucheza kwa dakika nzima. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Si hayo tu. Mwaka 2019 Muungano wa Kimataifa wa Wanajimu uliyaalika mataifa kuzipa majina nyota za mbali na sayari zinazozizunguka. Nyota iliyokuwa ikijulikana kwa tarakimu tu, HD 83443, ilipewa na Kenya jina Kalausi, na sayari yake Buru. Ni maneno ya Kijaluo: la kwanza ni kimbunga cha vumbi, la pili ni vumbi lenyewe. Tanzania nayo iliiita nyota yake Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kwa hiyo iko nyota ya kweli ambayo jina lake rasmi ni la mti ambao wachongaji wa Kimakonde huuchonga vinyago. Je, halisikiki kama jina la nyota? Linasikika hivyo kwa sababu kuna watu waliothubutu kuliandika.

Wala tusidhani kwamba kuitaja anga kwa Kiswahili ni jambo la juzi. Mabaharia na waalimu wa pwani walizijua Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali kabla ya mchezo wowote wa kompyuta kubuniwa, kwa majina waliyoyapokea kutoka Kiarabu na kuyafanya yao. Liko pia jina la zamani zaidi. Lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, Waswahili huliita Kilimia, neno lenye shina moja na kitenzi "kulima", maana wakulima walilitazama kujua majira ya mvua. Huko kusini kabisa mwa bara, Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela. Ni shina lile lile, na ni jembe lile lile. Wabantu walisambaa nchi baada ya nchi, na kila walipofika waliinua macho wakaikuta kalenda yao imewatangulia. Yeyote asemaye kwamba lugha hizi hazina habari na anga hajapata kuziuliza.

Nirudi kwenye mchezo. Ndani yake wamo viumbe wenye lugha zao, na mchezaji hujifunza lugha hizo neno baada ya neno, kwa kusoma mawe ya kale na kuzungumza na wenyeji. Nilifurahi mno kuona kijana akisaka msamiati kwa bidii ambayo sijaiona darasani. Hata hivyo, nilipochunguza niligundua kwamba lugha hizo ni nguo iliyovalishwa mwili wa lugha nyingine. Ukipata neno jipya, linabadilishwa mahali pake, moja kwa moja, na sentensi inabaki na mpangilio ule ule. Sarufi haipo. Muundaji alifikiri kwamba lugha ni mfuko wa maneno.

Dhana hiyo ndiyo inayoweza kukizuia Kiswahili kuingia katika michezo hii, hata pale nia njema ipo. Waandishi wa programu huandika sentensi yenye pengo, kisha kompyuta hujaza pengo hilo kwa jina la kitu: fulani "imeharibika". Kwa Kiingereza hakuna tatizo. Kwetu, injini imeharibika, lakini chombo kimeharibika, mtambo umeharibika, taa zimeharibika. Kompyuta isiyojua ngeli itamwambia mchezaji kwamba "chombo imeharibika", naye atacheka na kurudi kwenye Kiingereza, akiamini kwamba Kiswahili ndicho kilichoshindwa. La kushindwa hapo si Kiswahili bali ni fomula. Ukiipa kila nomino alama ya ngeli yake, tatizo linakwisha. Kazi hiyo si ngumu kwa watu walioweza kuzalisha sayari kwintilioni 18. Inahitaji tu mwanaisimu na mwandishi wa programu waketi meza moja.

Nimesikia pia hoja ya soko: kwamba vijana wetu wanakijua Kiingereza, basi kwa nini mtu agharamike? Hoja hii ina uzito, na sitaifanyia dhihaka. Lakini mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Wasikilizaji wengi hawakuelewa hata neno moja, na hawakukimbia. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 vijana wa hapa Nairobi walitoa Nairobi X, mchezo ambamo viumbe wa mbali wanauvamia mji wetu huu. Ufundi tunao. Tunachokosa ni mazoea ya kudhani kwamba lugha zetu zinahusika.

Basi natoa maombi matatu. Kwa idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu, yangu ikiwemo: tuache kuziweka istilahi zetu za sayansi kwenye rafu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1990, na nimekutana na wanafunzi wa sayansi wasiojua kwamba ipo. Kwa wanaorusha vyombo vya kweli: setilaiti iliyorushwa Aprili 15, 2023 ilipewa jina Taifa-1, na hilo ni jambo jema, habari zake nazo zielezwe wananchi kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. La tatu ni kwa wazazi wenzangu wa Mountain View, Kangemi, Uthiru na kwingineko. Tuwasemeshe watoto wetu. Hakuna fomula itakayotufanyia kazi hiyo.

Jumapili usiku nilimtoa mwanangu nje, tukasimama karibu na lango. Taa za Waiyaki Way zilizifuta nyota nyingi, lakini moja iling'aa vizuri, naye akaniuliza inaitwaje. Nikamwambia ni Mushtarii, ambayo Waingereza huiita Jupiter. Alilirudia jina mara mbili, polepole, kama anayeonja chakula kigeni. Sayari zake 11 hakuzibadilisha majina, nami sikumshurutisha. Lakini asubuhi aliniambia kwamba amepata ya kumi na mbili, na akataka kujua iwapo Kilimia huandikwa kwa neno moja au mawili.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Giza la anga ni kubwa, na nafasi za majina bado ni nyingi. Tusije tukalalamika kesho, ramani ikiwa imekwisha kuchorwa, kwamba hatukuulizwa.